Mzee Aliulizia Watoto

Butere ndiko reli inakoishia. Mtoto aliyekulia huko, kama mimi, alijua tangu angali mdogo kwamba ukipanda garimoshi, ukapita Yala, Luanda na Maseno, mwisho wake utaliona ziwa. Marehemu baba alikuwa karani wa mizigo katika bandari ya Kisumu, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na meli za ziwa zilikuwa mali ya reli. Basi Desemba 1974, nikiwa na miaka 9, baba alipopewa paso ya kusafiri na familia, paso hiyo ilitutoa Butere, ikatupitisha Kisumu, ikatufikisha hadi Mwanza kwa baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kinu cha kuchambua pamba.

Meli ilikuwa Victoria. Tukiwa gatini tukingoja kupanda, baba alinishika mkono, akanisogeza karibu na ubavu wa chombo, akaniambia, "Hii meli ilipanda treni kabla yako." Nilidhani ananitania. Ndipo akanieleza kwamba iliundwa Scotland, ikafumuliwa vipandevipande, ikavuka bahari hadi Mombasa, ikapakiwa kwenye mabehewa hadi Kisumu, na pale pale Kisumu mafundi wakaiunga tena kipande kwa kipande, ikaanza kazi 1961. Alitaja idadi ya vipande. Alitaja na mabehewa. Mimi macho yalikuwa kwenye bomba la moshi.

Safari ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kurudi. Tulipanda Mwanza, daraja la tatu, meli ikiwa imeshajaa watu waliotoka Bukoba. Usiku ziwa likachafuka, mama akashikwa na kichefuchefu asiweze hata kuinua kichwa. Dada yangu mdogo alikuwa na miaka 2, analia kwa sauti ya kupasua masikio. Kwenye benchi la pili alikuwa ameketi mama wa Kihaya, mtu mzima, mzigo wake katikati ya miguu. Hakuomba ruhusa wala hakujitambulisha. Alinyoosha mikono, akamchukua mtoto, akamfunika kanga yake, akaanza kumwimbia kwa lugha ambayo sisi hatukuijua. Dada akalala. Kisha yule mama akafungua mkebe, akatugawia senene wa kukaanga, mimi na watoto wengine waliokuwa wamejikusanya pale, wa Kijaluo, wa Kisukuma, wa Kikurya. Sisi Waluhya tumezoea kumbikumbi, kwa hiyo sikubabaika. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta na chumvi namwona yule mama, mkono mmoja ndani ya mkebe, wa pili mgongoni mwa dada yangu.

Tulikimbia sana kwenye sitaha usiku ule. Mzee mmoja aliyevaa koti alitukaripia, akasema watu wamelala, tukatulia papo hapo kana kwamba ni baba yetu aliyesema. Hakuna mzazi aliyemwuliza ana haki gani. Baada ya muda tukaanza tena, akatukaripia tena. Mambo yalikwenda hivyo mpaka Musoma.

Sisemi meli ile ilikuwa pepo. Daraja la kwanza lilikuwa juu, lina mlango wake na viti vyake vya kitambaa, na mtoto wa daraja la tatu akisogea huko alirudishwa chini upesi. Siku zile kilichowatenga watu melini ni pesa. Umri haukumtenga mtu yeyote.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo. Victoria ikabaki upande wa Tanzania. Baba mdogo naye akabaki Mwanza, na hatukumwona tena hadi mpaka ulipofunguliwa 1983.

Nimeyaeleza hayo kwa sababu ya jambo nililolifanya Agosti 2014, baba alipotimiza miaka 80. Sisi watoto wake tulichanga fedha, nikapewa kazi ya kupanga sherehe. Nikakodi boti ya matembezi Kisumu, itupeleke majini kwa muda wa saa tatu, tule samaki, baba aione bandari yake kutoka ziwani. Mwenye boti aliniuliza kama kuna watoto, akasema jaketi okozi za saizi yao anazo, nimtajie idadi tu. Nikamwambia hakuna. Jioni ile nikawaandikia ndugu zangu wote: watu wazima pekee, tumpe mzee utulivu.

Wazo hilo nililiokota Diani. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimehudhuria mkutano wa kikazi kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea ambalo watoto hawaruhusiwi. Nilikaa kando ya bwawa lile siku mbili, sikusikia hata kilio kimoja, nikaona kwamba huu ndio ustaarabu. Hapa Kakamega pia nilikuwa nimeanza kuziona kadi za harusi zilizoandikwa chini kwa herufi ndogo: watoto wabaki nyumbani. Mpishi wa kukodi anahesabu sahani, kila kiti kina kitambaa na utepe, na kamati haitaki mtoto wa miaka 4 akalie kiti kilicholipiwa. Naielewa hesabu hiyo. Lakini nakumbuka na harusi za Butere nilipokuwa mdogo. Watoto hawakualikwa wala hawakukatazwa. Tulitandikiwa mkeka nyuma ya jiko, tukaletewa sinia la ugali na mchuzi wa kuku, na shangazi mmoja akasimama juu yetu na mwiko mpaka sinia likaisha. Hakuna aliyehesabu sahani, maana sahani zenyewe hazikuwepo.

Dada yangu, yule yule aliyelala kwenye kanga ya mama wa Kihaya, alinipigia simu. Wakati huo alikuwa akiishi Kakamega mjini, na binti yake alikuwa na miaka 6. "Kaka, huyu nitamwacha na nani?" Nikamwambia atafute jirani, ni saa chache tu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa, kaka." Siku ya sherehe hakuja. Aliyekosea ni mimi, wala sijawahi kulitafutia jambo hilo sababu nyingine.

Tulikuwa watu 14 kwenye boti. Tulikuwa tumekodi wapiga isukuti kutoka Isukha, nao walikuja na ngoma zao tatu, kubwa, ya kati na ndogo. Hizo ngoma ni baba, mama na mtoto. Ngoma hiyo UNESCO iliiingiza baadaye mwaka ule ule kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Walipiga vizuri sana. Baba alitikisa mabega kidogo, akatabasamu. Kisha akaitazama ile ngoma ndogo, akanigeukia.

"Na watoto wako wapi?"

Nikamwambia tumewaacha nyumbani ili apumzike. Hakunijibu. Boti ilikuwa ikipita mbele ya bandari. Gugu maji lilikuwa limetanda sehemu ya ukingo, winchi zimesimama kimya, na gati alilolifanyia kazi miaka yote ile halikuwa na chombo. Baba akanyoosha fimbo yake kuelekea pale, akasema, "Pale ndipo tuliposhusha ile meli iliyopanda treni..." Akaangaza macho huku na huku, chini, kwenye kimo ambacho mtoto angekuwa amesimama. Hapakuwa na mtu wa kimo hicho. Sisi sote tulikuwa tumeisikia habari ile mara mia, na wawili wetu walikuwa kwenye simu. Fimbo ikashuka. Akaomba apewe samaki.

Alifariki 2016, tukamzika Butere.

Tangu hapo nimelifikiria suala hili kuliko watu wengi wa rika langu. Zipo meli kubwa za matembezi Ulaya ambazo watoto hawapandi kabisa. Arcadia ya Uingereza ilianza kazi 2005 kwa sharti hilo, na kampuni ya Virgin Voyages ilianza safari zake 2021 ikipokea watu wa miaka 18 kwenda juu tu. Karibu na kwetu, hoteli ya Riu Palace iliyoko Nungwi, Zanzibar, nayo ni ya watu wazima. Kijana wa jirani yangu hapa Kakamega ni mhudumu kwenye meli ya aina hiyo. Anasema abiria wengi ni wastaafu, wanasoma vitabu, wanalala mchana, hawana shida na mtu. Yeye mwenyewe mkataba wake ni wa miezi 9, na binti yake anamwona kwenye simu.

Je, kampuni za meli ziwe na safari kama hizo? Ziwe nazo. Nasema hivyo nikimfikiria mwalimu aliyekaa na watoto 60 darasani mwaka mzima, na muuguzi wa wodi ya watoto. Zaidi ya hao nawafikiria mume na mke waliozika mtoto, au ambao Mungu hajawajalia. Kwetu Magharibi mwanamke asiye na mtoto haendi sokoni, kanisani wala matangani bila kuulizwa, kwa maneno au kwa macho. Wiki moja mahali ambapo hakuna mtoto wala mtu wa kumwuliza habari za mtoto ni tiba kwake, na sioni ni nani mwenye haki ya kumnyima. Kampuni iseme wazi kabla mtu hajalipa, iache na safari nyingine za familia, basi.

Hapo mwenye kununua mapumziko ananunua ya kwake. Mimi nilimnunulia baba yangu mapumziko ambayo hakuyaomba. Yeye alikuwa ametumia maisha yake kushusha mizigo ya watu katikati ya kelele za vibarua, honi za meli na watoto waliopotea gatini wakilia mama zao. Alikuwa akiwabeba mabegani, anazunguka nao mpaka mama apatikane. Utulivu nilioutaka ulikuwa wangu, nikaupa jina lake. Hivyo ndivyo tunavyofanya siku hizi Kakamega kwa mengi: tunachukua kanuni ya bwawa la hoteli, inayofaa kati ya wageni wasiojuana, tunaileta kwenye harusi ya binamu na sherehe ya babu. Kisha tunalalamika kwamba watoto wetu hawamjui shangazi wala hawajui kukaa mbele za watu. Watajifunzia wapi, kama kila mahali penye wakubwa wamefungiwa mlango?

Juzi binti wa dada yangu alikuja kwangu na kazi ya shule. Sasa yuko kidato cha tatu. Mwalimu wao wa historia amewaambia kila mmoja aandike juu ya kazi aliyoifanya mtu wa ukoo wake kabla ya Jumuiya kuvunjika. Akaketi, akafungua daftari, akaniuliza, "Mjomba, babu alifanya kazi gani hasa?"

Nikamweleza kuhusu bandari, paso, mama wa Kihaya na dada aliyelala kwenye kanga, ambaye ndiye mama yake. Nikamweleza kwamba Victoria ilikarabatiwa, na 2020 ikarudi kazini kati ya Mwanza na Bukoba. Nikamwambia kwamba meli ile ilipanda treni kabla yangu. Akacheka, akaandika, kisha akauliza vipande vilikuwa vingapi, na mabehewa mangapi.

Sikuwa na jibu. Ameacha nafasi mbili tupu kwenye daftari. Kama nyumbani kwenu Butere, Yala au Kisumu bado yupo mzee aliyefanya kazi kwenye gati lile miaka hiyo, tafadhali mpelekeeni mtoto akamwulize.