Eropleni Mlimani

Tendo moja laweza kuwa ushujaa leo na kosa kesho. Mwaka 1921 Mswisi François Durafour alitua kwa eropleni juu ya Dôme du Goûter, bega la Mont Blanc, akasifiwa. Maana hapana aliyejua kama mtu aweza kutua pale akaondoka salama. Juni 2019 Waswisi wawili walitua katika mlima uo huo, kiasi cha mita 4,450 juu ya bahari, wakitaka kumalizia kilele kwa miguu. Askari wa milimani waliwarudisha. Mlima haukubadilika, waendao ndio waliozidi. Yule alijaribu lisilojulikana. Hawa walifupisha njia.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1985 yakataza kushusha watu milimani kwa vyombo vya anga kwa ajili ya starehe, nje ya viwanja vilivyowekwa, uokoaji haukatazwi. Ni haki. Roho ya aliyeanguka yastahili kelele, starehe haistahili. Apandaye kwa miguu hulipia kilele kwa pumzi na jasho, wala hamnyang'anyi mwenziwe utulivu. Utulivu ni mali ya wote, na mali ya wote huisha kwa kuchukuliwa kidogo kidogo.