Rangi Mbili za Kadi za Kale

Walimu wenzetu wametuuliza mara kwa mara ni jambo gani lililotuvuta sisi, wafundishaji wa Kiswahili nchini Uganda, hata tukashika kukusanya kadi za kale za besiboli, mchezo wa Wamarekani. Swali hilo ni la haki. Besiboli kwetu ni mchezo mgeni, ijapokuwa watoto wa Lugazi waliucheza vyema hata wakafika Marekani mwaka 2012, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika fainali za dunia za ligi ya watoto. Ukweli ni kwamba rangi ndizo zilizotunasa, kabla hatujazijua hata kanuni za mchezo wenyewe. Tulikuwa tukibadilishana stempu na rafiki wa barua aliyeko Marekani, naye akatia ndani ya bahasha kadi tatu kuukuu. Pembe zake zilikuwa zimechakaa, lakini wekundu wake ulikuwa ukiwaka kama makaa.

Kadi hizi zina historia ndefu. Katika karne ya 19 watengenezaji wa sigara wa Marekani walikuwa wakitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisipondeke, kisha wakaona heri kipande hicho kipambwe kwa picha. Mwaka 1887 kampuni ya Allen & Ginter ya Richmond ilitoa seti ya mabingwa 50 wa michezo mbalimbali, na 10 kati yao walikuwa wachezaji wa besiboli. Baadaye, kati ya mwaka 1909 na 1911, American Tobacco Company ikatoa seti ambayo wakusanyaji huiita T206. Ina kadi zaidi ya 500, kila moja ndogo kuliko kiganja cha mkono, nayo ndiyo iliyotufundisha maana ya chapa njema.

Kadi hizo zilichapwa kwa litografia, sanaa iliyojengwa juu ya jambo ambalo kila mpishi analijua, kwamba mafuta na maji havipatani. Tangu asili ya sanaa hiyo, mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa. Jiwe hulowanishwa maji. Wino, kwa kuwa nao ni wa mafuta, hukataa penye maji ukashika penye mchoro tu. Kila rangi huwa na jiwe lake au bamba lake, na karatasi ile ile hurudi mtamboni mara kadhaa, mpaka anga la machungwa likae nyuma ya kofia ya buluu pasipo kuvuka mpaka. Miaka ilivyosonga, wachapaji walizoea kutumia wino wa aina nne, yaani samawati, waridi iliyokoza, manjano na nyeusi, katika nukta ndogo mno ambazo jicho huzichanganya lenyewe. Mwaka 1953 kampuni ya Bowman ilitoa seti ya kadi 160 zilizotokana na picha za rangi za kamera, wala haikuandika neno lolote usoni mwa kadi. Humo Pee Wee Reese ameganda hewani, na mpinzani wake anateleza mavumbini chini yake. Hadi leo wengi huihesabu kadi hiyo miongoni mwa zile zilizo nzuri kuliko zote.

Basi mkusanyaji anayejali chapa huangalia mambo matatu. La kwanza ni kukaa kwa rangi mahali pake, mdomo usihamie shavuni. La pili ni uhai wa rangi, kwa maana jua huzififisha. La tatu ni uhalali wa kadi, na hapo hatuna budi kushika kioo cha kukuzia: herufi za jina katika kadi halisi ya T206 ni wino ulioshikana, ilhali nakala za siku hizi mara nyingi huonyesha nukta hata ndani ya herufi. Chambilecho wahenga, kizuri chajiuza. Mwezi Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle, iliyotolewa na Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa dola milioni 12.6, kwa kuwa rangi na pembe zake zilikuwa kama za jana.

Nasi tuliridhika na vipimo hivyo vitatu hadi tulipopeleka darasani picha za kadi za T206 ili wanafunzi wajifunze majina ya rangi. Walitaja zambarau, kijivu, hudhurungi, kijani kibichi. Kisha msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona rangi zote zimo ila yetu?"

Msichana yule aliona sawasawa. Katika seti ile nzima hamna mchezaji mweusi hata mmoja. Tangu miaka ya 1880 wenye timu kubwa walikuwa wameanza kuwafungia weusi mlango, bila ya sheria iliyoandikwa, nao wakalazimika kuunda ligi zao wenyewe. Josh Gibson, mmoja wa wapigaji hodari kuliko wote, aliaga dunia mwezi Januari 1947 pasipo kutolewa katika seti yoyote kubwa ya kadi za Marekani. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson akaingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, na mlango ukafunguka. Mwaka 2024 ligi kuu ilipozitia takwimu za ligi za weusi katika vitabu vyake, wastani wa Gibson wa .372 ulipanda juu ya wa kila mchezaji mwingine.

Miongoni mwa kadi za kwanza za Robinson ni ile ya kampuni ya Leaf ya Chicago, ya miaka ya 1948 na 1949. Tukiipima kwa vipimo vyetu, haifai. Seti ile ilichapwa kwa rangi chache na nzito, na mara nyingi zimehama mahali pake. Nyuma ya Robinson pamepakwa manjano matupu, na uso wake hauna vivuli vya kutosha. Hata hivyo hatujui kadi nyingine tunayotamani zaidi kuiona kwa macho. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na hapa tumepata kinyume chake, kijaluba kibovu chenye lulu.

Marehemu Jefferson Burdick, aliyezitungia kadi hizi namba, yaelekea alilijua jambo hilo. Kwa miaka mingi, mikono yake ikiwa imekakamaa kwa ugonjwa wa viungo, alibandika mkusanyo wake katika albamu za jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, mpaka mwaka 1963 alipofariki. Alihifadhi safi na zilizochakaa, za mabingwa na za wasiojulikana.

Nasi walimu tu wakusanyaji pia. Twakusanya methali, misamiati na hadithi, na aghalabu twachagua zile zenye chapa safi, za Kiswahili kilichosuguliwa kikang'aa. Kiswahili cha sokoni, cha stendi na cha kambini twakiacha nje ya daftari, kwa kuwa rangi zake zimehama. Sanifu ni lazima tuifundishe, na hatuombi msamaha kwa hilo. Lakini mtoto anayefungua kitabu chetu asikute rangi zote zimo ila yake. Mwaka huu tumewaagiza wanafunzi waandike maneno kumi kama wayasikiavyo kwa wazee wao, pasipo kuyasahihisha kwanza. Na katika albamu yetu ya kadi tumeacha nafasi moja tupu, tukaandika chini yake jina la Josh Gibson.