Swali la Baba

Jioni moja, nyumbani Tarime, nilimwonyesha baba mchoro niliouandikia programu: mvua za kiangazi upande huu, idadi ya nyumbu wa Serengeti upande ule. Mwaka 1961 walikuwa kama 260,000. Mwaka 1977 walizidi milioni 1.

"Ni mvua, baba," nikajigamba.

"Na sotoka umeiweka wapi, mwanangu?"

Nikanyamaza. Nilikuwa nimeuacha nje ugonjwa uliomaliza zizi la babu. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu nao walipona mapema miaka ya 1960, wakaanza kuongezeka kabla ya mvua nzuri za miaka ya 1970.

Usiku ule niliongeza safu ya sotoka, programu ikachora kila sababu peke yake, mbele ya idadi ileile. Siku hizi, kabla ya kutamka "ni hiki", husikia swali la baba.