Banda likauke kwanza

Mafinga

Mwanangu mpendwa,

  Picha za banda lako la kuku tumeziona, tena bibi yako alitaka aonyeshwe moja moja na kuelezwa. Kuku 30 katika mita 2 kwa 3 hawajabanana, hapo umepima vizuri. Wavu wa pande zote mbili nao umenifurahisha, maana hewa inapita.

Kilichonifanya niandike barua ndefu namna hii ni ulivyosema kwamba kila asubuhi unamwaga maji, unasugua sakafu hadi ing'ae, kisha unatupia maranda kidogo juu. Najua unafanya hivyo kwa kuwapenda kuku wako, na bidii yako naiona. Lakini acha, mwanangu. Acha kabla masika hayajachanganya, kwa sababu adui mkubwa wa banda ni unyevu, na wewe unamwingiza kwa ndoo.

Kuku hana mkojo wa pembeni kama ng'ombe au mbuzi. Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ndio mkojo wake. Ukikauka, unakaa kimya. Ukilowa, bakteria wanaufanyia kazi na kutoa amonia, ile hewa inayochoma pua na macho. Inatokea chini, palepale kuku anapopumulia, ilhali pua yako iko juu karibu na bati. Kwa hiyo usilipime banda ukiwa umesimama. Ingia alfajiri kabla hewa haijabadilika, uchuchumae hadi kichwa chako kilingane na cha kuku, uvute pumzi. Ukianza tu kuisikia ile harufu, ujue kuku huenda wameshaanza kuumia macho na njia ya hewa.

Hatari ya pili ya unyevu ni kuhara damu, ule ugonjwa ambao maofisa mifugo huuita koksidiosisi. Mayai ya vimelea vyake yanatoka na kinyesi yakiwa bado hayawezi kuambukiza. Yanahitaji joto, hewa na unyevu, na siku moja au mbili yakivipata, yamekomaa. Kuku akidonoa hapo, kaambukizwa. Joto la huko kwako Morogoro halina shida na hewa ipo, basi kilichobaki mkononi mwako ni kuyanyima maji. Dawa nyingi za kuua vijidudu tunazonunua madukani haziyafanyi kitu mayai hayo, kwa hiyo usijipe moyo kwa sababu sakafu inanukia dawa.

Kwa hiyo weka matandiko makavu, tena manene. Unene wa sentimita 8 hivi unatosha kuanzia, na kwa banda lako hayo ni kama magunia manne ya ile saizi ya kilo 100. Tabaka jembamba linalowa siku ileile. Nene linanyonya, kuku wanalichakura, linapata hewa na kukauka lenyewe.

Kuhusu la kutandika, huko uliko ningechagua pumba za mpunga, zile ngumu za maganda, si zile laini za kulishia. Mpunga wa Dakawa na Kilombero unakobolewa karibu nawe, na mashine nyingi zinaona maganda kama mzigo. Pumba hizo hazinyonyi maji sana kama maranda, lakini hazigandamani na zinakauka upesi. Ukipata maranda ya fundi, changanya nusu kwa nusu, itakuwa nzuri kuliko moja peke yake. Vumbi laini la msumeno liache: linapanda hewani, likilowa linakuwa kama uji ulioganda, na vifaranga wanalila wakidhani ni chakula. Nyasi kavu nazo siziamini wakati wa mvua, zinashika ukungu ndani kabla hujauona juu, na ukungu huo unaingia mapafuni mwa kuku na hauna tiba ya maana.

Ukichukua maranda, uliza mbao ilikotoka. Huku kwetu misonobari ndiyo maisha yetu, na viwanda vya kutia dawa nguzo za umeme viko jirani. Mbao iliyotiwa dawa mara nyingi ina rangi ya kijani kijani. Maranda yake usiyaingize bandani hata ukipewa bure, maana dawa ile ni sumu, na kuku anakula anachokanyaga.

Sasa chombo cha maji. Katika picha ya pili nimeona duara jeusi limekizunguka, na hapo ndipo ugonjwa utakapoanzia kama utaanza. Kipandishe juu ya tofali mbili, na kati ya tofali na chombo weka fremu ya mbao yenye wavu, ili yanayomwagika yasiguse matandiko. Ukingo wa chombo ulingane na mgongo wa kuku, asiweze kuingiza miguu wala kuchakuria uchafu ndani. Palipokwisha kulowa, chota kwa beleshi utoe nje, ujaze makavu. Na chini ya fito wanazolalia weka ubao au kipande cha bati, kwani kinyesi kingi kinadondoka usiku. Ukikwangua hapo kila asubuhi, umeondoa sehemu kubwa ya uchafu wa banda bila kugusa sakafu.

Mengine ni kupitisha reki mara mbili tatu kwa wiki na kupima kwa mkono. Chota konzi ya matandiko, uyafinye, ufungue vidole. Yakisambaratika, mambo mazuri. Yakibaki donge, ongeza makavu na utafute maji yanaingilia wapi. Upenu wa bati lako naona ni mfupi upande wa mlango, uongeze kabla ya mvua kubwa.

Jirani atakuambia umwage majivu au chokaa juu ya matandiko yaliyolowa ili harufu iishe. Usifanye hivyo kuku wakiwa ndani. Vyote viwili vinaisukuma amonia itoke kwa wingi zaidi. Majivu yatie kwenye beseni lenye udongo mkavu, kuku waogee humo, yanasaidia dhidi ya chawa. Chokaa ni ya kuta na sakafu tupu, siku ya kusafisha kabisa.

Siku hiyo ifanye kiangazi. Funga kitambaa puani, toa kila kitu, kwangua, na hapo ndipo maji na sabuni vinaruhusiwa. Dawa inafuata baada ya uchafu kwisha, kwani juu ya kinyesi haifanyi kazi. Kisha acha banda wazi hadi likauke kabisa. Nyufa za fito zichunguze vizuri: utitiri mwekundu hujificha humo mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Zibe nyufa, paka chokaa.

Usafi wote huu hauzuii ugonjwa wa mdondo. Kinga yake ni chanjo, tone la jicho kila baada ya miezi mitatu. Kama hujapanga na afisa mifugo wa kata, nenda wiki hii.

Matandiko ya zamani usiyatupe. Yalundike pembeni, yafunike, uyageuze mara kwa mara yaoze kwa miezi kadhaa, maana yakiwa mabichi yanaunguza mimea. Bibi ameshaomba gunia moja kwa ajili ya migomba yake. Mletee lililooza vizuri, na ukipata nafasi ya lori linalopanda huku, nitakutumia maranda ya msonobari usiotiwa dawa.

Wasalimie nyumbani.

Akupendaye,
Shangazi yako