Ubao Uonekane

Mwaka 1963 nilitiwa kazi katika studio moja ndogo ya picha, Mji Mkongwe, Unguja. Haikuwa studio ya kutajwa. Wenye kutaka picha ya fahari walikwenda Shangani, Capital Art Studio, aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930 baada ya kujifunza kazi kwa akina Gomes, Magoa ambao kadi zao za posta zilikuwa zikisafiri na meli kabla baba zetu hawajazaliwa. Oza alikuwa akimpiga picha hata Sultani. Sisi tuliachiwa wenye maduka.

Na mwenye duka ana kazi kuliko bwana harusi. Bwana harusi anataka uso wake utoke vizuri, basi. Mwenye duka hana habari na uso. "Ubao uonekane," hilo ndilo neno la kwanza. Ubao wa jina, Kigujarati juu, Kiingereza chini, na pengine Kiarabu pembeni kwa ajili ya wateja wa Malindi. Akisharidhika na ubao, mizani itolewe nje. Korja za kanga zipangwe upya, zile za rangi iliyokolea ziwe mbele. Kisha watu: yeye kitini, wanawe nyuma yake, karani na kalamu mfukoni, na hamali mwisho kabisa, mahali ambapo nusu ya bega lake huishia nje ya picha. Hamali huyo ndiye aliyekuwa ameyabeba magunia yote yaliyojaa pale nyuma.

Njia zetu nyembamba, hakuna pa kurudi nyuma na kamera. Ikabidi kila mara tuombe ruhusa ya kusimama ndani ya duka la mkabala, na wa mkabala mara nyingi ni hasimu wake. Nakumbuka Mbohora mmoja wa vyombo vya shaba alikubali kwa sharti moja: na yeye apigwe hapo hapo, kutokea duka la mwenziwe, kwa bei ile ile. Fundi wetu, mpiga picha, alicheka mpaka akatoka chini ya kile kitambaa cheusi. Siku hiyo tulipata kazi mbili kwa jua moja, na jua lenyewe katika mtaa ule ni la saa sita tu. Mimi nilishika bango jeupe kurudisha mwanga usoni mwa watu, mikono ikaniuma.

Picha zile hazikuwa za ukutani tu. Nyingine zilitumwa Bombay kwa anayewakopesha bidhaa, aone mali yake inakaa wapi. Ndiyo maana magunia yalihesabiwa kabla ya kupiga, na ndiyo maana fundi alikuwa na penseli aliyoichonga kali kama sindano ya kushonea kofia, kazi yake kufuta nyufa za ukuta juu ya negetivu. Anayeziangalia leo picha hizo akadhani mji mzima ulikuwa umepakwa chokaa mpya, ajue kuna penseli.

Yakaja Mapinduzi, tarehe 12 Januari 1964. Siku hizo sizielezi hapa, wengine wamekwisha kuzieleza. Nitasema lile nililoliona kutoka chumba cha giza. Tulipofungua tena, kazi ya maduka ilikufa na ya pasipoti ikafufuka. Watu wale wale. Yule aliyekuwa akisema ubao uonekane sasa anakaa kwenye kigoda mbele ya shuka nyeupe, mtu mmoja mmoja, baba, mama, watoto, na wala hana la kuagiza. Tulisafisha picha usiku na mchana. Kwa muda mrefu hatukuwa tumepata kuchuma kama mwaka ule, na fundi hakuwa na furaha nazo pesa zile, maana kila picha aliyoikata kwa mkasi alijua inamtoa mteja mjini.

Biashara ikaingia mikononi mwa serikali hatua kwa hatua, majumba mengi yakataifishwa, mbao za majina zikateremshwa. Mteja mmoja tu ndiye aliyetuita dukani kwake kabla ya kuondoka. Rafu tupu, mizani imeshauzwa. Fundi akamwuliza kama asubiri jua lipande. Akasema piga hivyo hivyo.

Baadaye vifaa viliadimika: karatasi, dawa, filamu. Studioni tulikuwa na makasha ya negetivu za vioo, za miaka ya kabla sijaajiriwa, kila kioo na nambari yake. Vioo vya fremu havikupatikana mjini. Basi tulivitia vile vya zamani katika maji ya moto na magadi, ngozi ya picha ikateleza ikatoka, tukabaki na kioo safi. Niliona karafuu zikianikwa Malindi zikiyeyuka katika beseni, na gati, na mtu aliyevaa joho ambaye sikumjua. Simlaumu fundi. Alikuwa na watoto wa kulisha, na hakuna aliyekuja kuulizia nambari zile. Lakini ukinitaka niseme historia ya biashara ya Unguja imekwenda wapi, sehemu yake imening'inia katika sebule za watu ikiwa mbele ya picha nyingine.

Zilizosalimika ziko mbali mbali. Mwana wa Oza, Rohit, aliitunza studio ya babake na hazina yake. Marekani, Chuo Kikuu cha Northwestern, wana mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, za tangu 1860 hadi 1960, na za Gomes zimo. Zangu mimi za kuangalia ziko karibu zaidi, Nyaraka za Taifa, Kilimani. Nilikwenda huko na mzee mwenzangu aliyekuwa na genge Darajani. Tukaonyeshwa picha ya mtaa, nyuma yake pameandikwa "mtaa" tu. Nikaanza kutoka kushoto: fundi saa, muuza vitambaa, wa bizari. Mwenzangu akasema hapana, wa bizari alikuwa wa pili, yule wa tatu alikuwa akiuza mafuta ya taa, na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa na mamake na debe. Nikamwambia debe lilikuwa la mtaa mwingine. Kijana aliyetuhudumia akaandika majina yote mawili kwa penseli, akatuuliza kuhusu duka la nne, na hapo tukaanza upya.