Mbwa Aliyehesabu Magunia

Ndugu msomaji, usishangae kumwona mzee wa miaka sabini na ushee, aliyeshika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini, akiandika habari za mbwa wa katuni. Kujifunza hakuna mwisho, na mwalimu wangu wa uzeeni amekuja na miguu minne.

Mjukuu wangu aliniletea hapa Musoma vitabu viwili vya hadithi za picha, vya Tintin, yule kijana mwandishi wa habari anayezunguka dunia nzima. Alidhani nitacheka nisahau maumivu ya magoti. Nilicheka kweli, lakini si kwa ajili ya Tintin, maana kijana huyo ni mwema kupita kiasi. Aliyenichekesha ni mbwa wake mweupe, Milou, ambaye Waingereza humwita Snowy.

Mbwa huyo alitokea gazetini siku moja na bwana wake, tarehe 10 Januari 1929, katika Le Petit Vingtième, nyongeza ya watoto ya gazeti moja la Brussels. Mchoraji wake, Georges Remi, aliyejiita Hergé, alikuwa na umri wa miaka 21. Jina la Milou alilitoa kwa msichana aliyekuwa rafiki yake wa ujanani. Ni mbwa mdogo wa umbo, wa aina ya fox terrier, lakini moyo wake ni mkubwa. Simba hamtishi; buibui ndiye humtetemesha. Akiona mfupa husahau kazi, na akionja wiski huyumba kama mlevi wa kilabuni.

Lakini kilichonigusa zaidi ni ulimi wake. Milou husema, ila mara nyingi maneno yake tunayasikia sisi wasomaji tu. Bwana wake akijitosa hatarini, yeye hunung'unika, kisha humfuata. Hamwachi, wala hamsifu ovyo. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Huyu ni mkali hata kwa msasi wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Kapteni Haddock alipoingia katika hadithi hizo, mizaha mingi ilihamia kwake, na mbwa akapunguziwa maneno.

Kitabu cha kwanza, kile cha safari ya Kongo kilichoanza kutolewa mwaka 1930, kiliniuma. Humo mbwa wa Ulaya anasema lugha iliyonyooka, na Waafrika wanasemeshwa lugha iliyovunjika. Mwishoni wanapiga magoti mbele ya sanamu ya Tintin na ya mbwa wake. Tintin anaingia hata darasani na kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo liligeuzwa kuwa hesabu, lakini dharau ilibaki. Mwaka 2007 Mkongo mmoja, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishtaki kitabu hicho huko Ubelgiji, na mwaka 2012 mahakama ikayakataa madai yake.

Nilitaka kukitupa. Kisha nikajiuliza: huyu mbwa msema kweli, mbona mle darasani hakumwambia bwana wake kwamba anakosea? Swali hilo likanigeukia mimi mwenyewe.

Mwaka 1982 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi upande wa Bunda. Shule ilikuwa na shamba, kama Elimu ya Kujitegemea ilivyoagiza tangu 1967. Mwaka ule watoto walivuna magunia manane ya mahindi. Mimi niliandika saba. La nane lilikwenda nyumbani kwangu usiku. Nyakati zilikuwa ngumu, sukari na sabuni vilikuwa adimu, lakini sitaki kujificha nyuma ya dhiki. Mwalimu mkuu msaidizi alijua, akanyamaza.

Wiki ile nilimkuta mvulana wa darasa la saba akichora katika daftari lake. Alinichora mimi, tumbo mbele na fimbo mkononi, nikisoma hesabu mbele ya mstari. Nyuma yangu alichora mbwa mwembamba, na juu ya kichwa chake maneno haya: "Mwalimu, magunia yalikuwa manane." Nilichana daftari lile mbele ya darasa, nikamchapa viboko sita kwa utovu wa adabu. Tangu siku hiyo sikumwona akichora tena.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama, si mbali na hapo, aliandika kwamba elimu impe mtoto akili ya kuuliza. Nami nilikuwa nimebandika picha yake ukutani juu ya meza yangu.

Katika kitabu cha pili, kile cha Tibet, Milou anatumwa kupeleka barua ya kuomba msaada. Njiani anaona mfupa, anaiacha barua, nayo inapeperushwa na upepo. Hapo angeweza kukimbia aibu yake. Badala yake anakwenda mpaka kwa watawa, anawahangaisha hadi wanamfuata, na bwana wake anaokolewa. Nilikisoma kipande hicho mara tatu.

Mvulana yule sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, anaandika majina kwenye mitumbwi huku Musoma. Nilimfuata. Aliweka brashi chini, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia marahaba, ingawa sauti ilinikwama. Nikamwambia, "Mwanangu, magunia yalikuwa manane. Nisamehe."

Alinitazama kwa muda. "Najua, Mwalimu. Mimi ndiye niliyeyahesabu." Kisha akanivutia kigoda nikae.

Ndugu msomaji, ukiwa na cheo, chunguza nani anayethubutu kunung'unika nyuma yako. Usimchape.