Stesheni ya Kigoma na Haki ya Msafiri

Anayeteremka barabara ya Lumumba kutoka Mwanga, akiliacha soko nyuma yake, huliona ziwa kwanza, kisha jengo kubwa la ghorofa lenye safu za matao. Hiyo ndiyo stesheni ya reli ya Kigoma. Wajerumani waliijenga katika miaka ya mwisho ya utawala wao, na zaidi ya miaka 100 baadaye ingali inapokea abiria. Mbele yake ni mji. Nyuma yake ni njia za reli. Na mwendo mfupi kutoka hapo ni bandari. Hapa reli inakoma na safari ya majini inaanza.

Kabla ya stesheni hii, mwisho wa njia ulikuwa Ujiji, kilomita chache kusini. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea kwa miezi, ikapita Tabora, ikafika Ujiji na kulikuta ziwa. Burton na Speke walifika hapo Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone katika mji huo huo, mji ambao tayari ulikuwa na wafanyabiashara Waislamu waliotoka pwani. Katika njia hiyo zilipita nguo, shanga na pembe za ndovu. Wakapita pia watumwa waliofungwa minyororo, na hilo hatuna ruhusa ya kulisahau tunapoisifu historia yetu. Katika njia hiyo hiyo zilifika lugha ya Kiswahili na adhana.

Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Februari 1914 ikaligusa ziwa, baada ya mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Kazi ya mikono ilifanywa na maelfu ya Waafrika, na miongoni mwao walikuwamo Wanyamwezi, ambao kabla yake walisifika kwa uchukuzi wa misafara. Watu wale wale waliobeba mizigo mabegani ndio waliotandika vyuma vilivyoifuta kazi hiyo.

Kwa nini reli haikuishia Ujiji? Jibu limo majini. Ufuko wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi, na maji yake ni machache karibu na nchi kavu. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na vilima, hivyo meli hutia nanga kwa salama. Reli ikaifuata meli. Miaka mingi ya Ujiji kuwa mlango wa ziwa ikakatika, na kijiji cha wavuvi kikawa mji.

Mzigo mashuhuri uliopita katika reli hiyo ulikuwa meli nzima. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa treni. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Msafiri Mwislamu ana jambo jingine la kulizingatia katika reli hii. Dar es Salaam kibla ni kaskazini hasa. Kadiri treni inavyokwenda magharibi, kibla husogea kidogo kidogo kuelekea mashariki, na mtu anaposhuka Kigoma huwa imefika kaskazini-mashariki, bado karibu zaidi na kaskazini. Ziwa huwa mkono wake wa kushoto. Ndani ya behewa reli hujipinda, naye huswali kwa kadiri ya uwezo wake, akipunguza rakaa nne kuwa mbili. Sheria imemhurumia. Swali ni je, sisi tunaompokea tunamhurumia?

Nalileta swali hili kwa sababu linanihusu. Msikiti wetu hauko mbali na stesheni. Baada ya kuibiwa kipaza sauti na jozi kadhaa za viatu, kamati iliazimia kwamba milango ifungwe mara baada ya Isha. Mimi, nikiwa katibu, ndiye niliyeliandika azimio lile, na kwa mwandiko mzuri. Usiku mmoja wa masika treni iliingia watu wakiwa wamekwisha lala. Alfajiri nilipokwenda kufungua, nilimkuta bibi mmoja na wajukuu wawili barazani, wamelala juu ya khanga iliyolowa pembeni kwa rasharasha za mvua. Walikuwa wakingoja kukuche wapate boti ya kuwapeleka kijijini kwao. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Aliniitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza maji ya kutawadha yako wapi. Hakusema neno jingine. Lau angelalamika, ningepata la kujitetea.

Katika Sura At-Tawba msafiri aliyekwama ametajwa miongoni mwa watu wanane wanaostahiki zaka. Nililisoma hilo chuoni na nikalijibu katika mtihani. Katika kikao kilichofuata niliomba azimio lifikiriwe upya. Mhazini alipinga, na hoja yake ilikuwa ya haki: mali ya msikiti ni amana. Tulijadiliana hadi usiku. Mwishowe tuliafikiana kwamba usiku wa treni vijana wawili wakae zamu, vyombo vifungiwe chumbani, nao upande wa wanawake uwe na mlango wake na mama mmoja wa kuwapokea wenziwe. Mpaka leo hakijapotea kitu.

Sasa reli mpya ya kisasa inajengwa kutoka Tabora kuja kwetu, na siku moja treni za kasi zitafika. Naomba jengo hili la zamani litunzwe. Na kwenu, ndugu zangu wa Tabora, Kaliua, Uvinza na kila mji ambao treni husimama, nina ombi moja: katika kikao kijacho cha kamati, ulizeni ni nani anayeshika ufunguo wa msikiti usiku, na msafiri atampataje.